Tairi za Land Cruiser ya Roselida

"Hapa nimekosa mimi," Egwang alisema, kichwa kikiwa ndani ya madigadi, bati linalofunika tairi. "Usilaumu barabara, mama. Ni mimi."

Mama Roselida aliegemea mlango wa gari. Alikuwa ametoka Budalang'i na hiyo Land Cruiser, kazi ni kupakia watu na kushusha watu tangu mto Nzoia uvunje ukingo, na matope yalikuwa yamemkaukia mpaka kwa nyusi. Tairi ya mbele kushoto ilikuwa imeliwa bega, nyuzi zikichungulia nje.

Ni Egwang, fundi, aliyeliinua hilo gari juu, akalivalisha tairi kubwa. Alichagua rim pana, ofseti ya kutoa tairi nje, na gari likasimama hapo Busia limetanua mabega kama bausa wa mlangoni disko. Watu walipiga picha. Na alilipima: akakata usukani kushoto, akakata kulia, hakuna kitu kiligusa. Lakini alilipima likiwa tupu. Sasa huko Budalang'i, mafuriko yakija, ni gari gani hutembea tupu?

"Ikijaa inakaa chini," alisema. "Ukikata kona, tairi inasugua bati."

"Egwang, mama yangu bado yuko juu ya ukingo. Amekataa kutoka bila mbuzi. Sasa leo nabeba watu na mbuzi." Alikwangua matope kwa nyusi. "Rudisha zile tairi ndogo basi."

"Ndogo, maji itafika kwa injini."

"Sasa?"

Egwang alijikuna shingo. "Tairi ndefu, nyembamba, kama za malori ya zamani. Tuweke kwa rim zako za kwanza, zile za chuma. Hazina urembo, lakini tairi inakaa ndani."

"Huo urembo nani aliutaka, fundi?"

"Nisamehe, mama."

Roselida alicheka kwa pua, akaketi kwa kiti cha dereva. "Niamshe ukimaliza." Hata mlango hakuufunga, usingizi ulikuwa umeshambeba.

Rim tatu za chuma zilikuwa nyuma ya kibanda chake Egwang. Ya nne ilikuwa imeshikilia mwavuli wa Akwii, muuza chapati; Egwang akaichomoa, mwavuli ukalala chini.

"Na jua langu?" Akwii aliuliza.

"Litakurembesha."

Egwang alipiga jeki polepole, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Alipomaliza kufunga zile tairi nyembamba alipitisha mkono mlangoni, akakata usukani mpaka mwisho, akainama. Vidole viwili vilipita kati ya tairi na bati. Vizuri. Lakini hata mara ile ya kwanza vidole vilipita.

Barabarani malori ya kwenda Uganda yalikuwa yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya trela.

"Wazee, naomba watu kumi! Mpande hapa nyuma kidogo tu, nione inakaa aje!"

Mmoja alifunua kofia usoni. "Boss, tumechoka kukaa kwa gari letu, unatupatia lingine?" Akairudisha kofia.

Egwang alipanda peke yake. Akaruka. Gari likainama, likarudi. Huko mbele kichwa cha Roselida kilitingika, hakuamka. Akaruka tena, akalala kwa tumbo juu ya bodi ya nyuma, akachungulia ubavuni. Aliona matope tu.

"Basi mtu mmoja," aliita, sauti chini, asimwamshe. "Mmoja tu. Aniangalilie hapo chini nikiruka, kama inagusa."