Kamba za Bamvua

Nilijisifu mapema, hilo nalikiri. Niliwaambia wakulima wa mwani wa Mwera kwamba bamvua hili watapanda kwa kamba za plastiki zilizosokotwa kiwandani kwangu, hapa Usagara. Wakati wa bamvua maji ya bahari hupwa sana, na ni kwa siku chache tu. Zikipita bila kamba, mwenyekiti wao Praxeda angerudi kwa wauzaji wa kamba za kigeni, nami ningebaki na mashine ya kutazama.

Chembe za plastiki, tunazoyeyusha kupata nyuzi, huja kwa meli, na meli ilichelewa. Ghalani yalibaki magunia matatu. Nchi ina gesi chini ya bahari, ambayo huweza kutengenezewa plastiki, na mimi Shamsiya naomba chembe ng'ambo! Nilikasirika kila nilipopita pale.

Siku ya kwanza nyuzi zilitoka na mapovu, zikawa zinakatika ovyo. Nikaenda ghalani, nikamkuta Mzee Laurenti, msokotaji wangu, ameinama juu ya gunia na kopo la maji.

"Shikamoo, mzee. Wafanyani?"

"Marahaba, bibie. Nazilainisha kidogo, zisikatike."

Miaka thelathini Laurenti alisokota mkonge, na singa za mkonge hunyunyiziwa ndipo zikubali kusokotwa. Plastiki haitaki hayo. Maji yakikutana na moto wa mashine huwa mvuke, na mvuke hutoboa uzi. Wa kumweleza nilikuwa mimi, na sikumweleza. Nilikuja nimejiandaa kufoka, nikaona haya.

Nilipomwambia, aliweka kopo chini. "Basi tuzianike. Kuanika najua."

Akatandaza turubai safi uani, akamwaga chembe, akazigeuza kwa mikono hadi alasiri kama alivyokuwa akigeuza singa shambani. Kesho yake kamba ilitoka laini, haina hata povu moja. Nilipiga kelele za furaha, sikujali nani ananitazama.

Praxeda alipofika aliifunga kamba kwenye nguzo, akavuta na wenzake wawili mpaka wakachoka.

"Inafaa," alisema. "Na bamvua lijalo? Utatuambia tena habari za meli?"

"Nitaagiza mapema, niweke akiba. Na siku gesi yetu itakapotoa chembe hapa hapa nchini, gunia la kwanza ni langu."

Alicheka. "Haya, tupe mabunda ishirini. Na ya bamvua lijalo uanze kusokota."

Laurenti hakungoja kusifiwa. Alichukua chaki, akaandika ubavuni mwa mashine kwa herufi kubwa: HUYU HANYWI MAJI.