Kisahani Kilichogeuziwa Wageni

Niliota usiku wa jana nimesimama kwenye foleni ya maji. Si foleni ya watu wanaongoja maji. Maji yenyewe ndiyo yalikuwa yamepanga foleni, ndani ya bomba, na mimi niko katikati yao na koti langu, nimelowa mpaka soksi.

Hilo halikunishangaza. Kilichonikera ni habari ya Sekela.

Sekela ni binti wa rafiki yangu marehemu. Mimi mtu wa kuhamahama, leo huku kesho kule, na kila nikipita mji huu yeye hunipa kitanda na uji. Kazi yake ni kuendesha pampu ya maji ya mji, ile ya dizeli. Siku hizi ofisi inasema dizeli inakwisha kama kawaida, ila mita inaonyesha maji kidogo, kwa hiyo dizeli anaiuza. Kikao cha kumfukuza kilipangwa kufanyika asubuhi ya leo. Mwizi! Sekela huyu, ambaye akiazima chumvi kwa jirani hurudisha zaidi ya aliyoichukua!

"Tunakwenda wapi?" nikayauliza maji yaliyo mbele yangu.

"Kupimwa," yakajibu bila kugeuka.

Mara bomba linakata kona. Kwenye kona pamekaa kiwiko, kiwiko cha mtu hasa, kikubwa kama ng'ombe, kina kovu na vinyweleo. Kila anayekizunguka anatoka anapepesuka. Nakizunguka na mimi. Naona miguu yangu mwenyewe ikinipita.

"Mwenye kizunguzungu hapimwi," kiwiko kinasema. "Nyoosha moja kwa moja mpaka utulie. Ukipimwa unayumba, utatolewa hesabu ya uongo."

Tukanyoosha. Bomba likawa korido ya shule, ile niliyosoma kidogo kabla sijatoroka. Mwalimu alikuwa bado ananingoja na fimbo, lakini alipoona niko na maji akatupisha.

Mwisho wa korido, kisahani cha chuma kimebanwa kati ya bomba na bomba. Kina tundu katikati, na juu kina kishikio kilichochomoza nje kama mkono wa mtoto anayejua jibu. Tundu hilo ndiyo njia yetu. Kisahani kinalia.

"Una nini?"

"Nimewekwa mgongo mbele, mzee," kikasema. "Tundu langu upande mmoja lina ukingo mkali kama wembe. Huo ndio wa kupokea maji. Yakigonga pale yanabanwa, yanapiga kelele, na mita kwa kelele hizo inajua yamepita mangapi. Upande wa pili nimechongwa mteremko. Sasa yanaingilia mteremkoni! Yanateleza tu kama wageni wa harusi. Mita inasikia minong'ono."

"Basi waliokuagiza hawakujua kazi."

"Wee! Agizo langu lilikuwa safi. Upana wa bomba kwa ndani, si kwa nje. Ukubwa wa tundu, presha, hata njia nyoofu uliyotembea waliitenga. Na kwenye kishikio nikachapwa maandishi, upande ule wa ukingo mkali, ili yatazame maji yanakotoka. Fundi akanifunga vizuri kabisa."

"Halafu?"

"Akaja Injinia Chengula, mkubwa wa ofisi ya maji. Akasema wageni kutoka mkoani watapita kwenye kile kijia cha upande wa pili, sasa watasoma nini? Akaamuru nigeuzwe, maandishi yawatazame wageni."

Nimetembea sana katika dunia hii. Nimeona daraja lililojengwa pasipo mto. Lakini hili lilinipanda kichwani.

Nilipoinua macho, korido ilikuwa imeshakuwa chumba cha kikao. Injinia Chengula ameketi mbele. Sekela amesimamishwa ndani ya beseni tupu. Shahidi ni mshale wa mita, umevaa tai.

"Shahidi, umesikia nini?" anauliza Chengula.

"Minong'ono," unajibu mshale.

"Mmesikia! Maji kidogo. Dizeli imeuzwa."

"Uliza kwa nini ni minong'ono!" napiga kelele.

"Na wewe nani?"

"Mimi ni maji!"

"Maji hayasemi kikaoni."

"Mnasema hatukuja! Si sisi hawa? Tumejaa mpaka dirishani!"

Ni kweli, tumejaa. Viti vinaelea. Maji yamemfika Chengula kidevuni, naye ameinua pua kidogo apate hewa.

"Kwa mujibu wa mita," anasema, "humu ndani ni pakavu."

"Baba mdogo, basi," Sekela ananisihi. "Utapandwa presha."

"Acha inipande!"

Nikapiga mbizi mpaka kwenye kisahani. Sikuwa na spana. Nikazitazama bolti kwa jicho moja tu, zikajifungua zenyewe, zikisema aibu hii ilikuwa imezichosha nazo pia. Nikashika kishikio, nikakizungusha kisahani, ukingo mkali ukatazama tulikotoka.

"Haya, piteni sasa!"

Maji yakagonga. Lo, kelele gani ile! Mshale ukaruka kitini na kupiga saluti, tai ikakatika.

Mlango unagongwa. Kweupe, na Sekela yuko kizingitini, anahema.

"Baba mdogo, amka! Nimekwenda kuwasha pampu, mita imepanda mpaka panapostahili. Kikao wamekifuta. Kumbe kuna mtu kakigeuza kile kisahani, maandishi sasa yanatazama pampu."

"Na Chengula anasemaje?"

"Yuko kwenye kijia, amefura kama chura. Anauliza wageni watasoma nini."