Aliyekwisha Kuliliwa

Desturi ni desturi, hata huku ughaibuni, ghorofa ya tatu Thamesmead. Katika ukoo wa Mama Generosa, mtu aliyekwisha kuliliwa matanga kisha akarudi mzima haingii ndani kimyakimya kama paka. Husimama nje, mama yake humwita jina kutoka ndani, naye huitika. Asipoitika, basi bado ni wa kaburini.

Na mwanawe Ghislain alililiwa matanga kweli. Waasi walipomteka pamoja na askari wenzake wa serikali huko Kivu, habari zilifika kwamba wote wameuawa. Generosa alizika shina la mgomba badala ya mwanawe, akanyoa kichwa. Leo, miaka minne baadaye, Armelle amemleta kaka yake kutoka Heathrow, na kaka mtu amesimama koridoni na begi lake.

"Ghislain," mama akaita kutoka ndani.

Ghislain akashusha begi chini.

"Itika basi, kaka," Armelle akanong'ona. "Neighbours banatuangalia."

Alifungua kinywa, sauti ikagoma. Kule alikofungwa, mlinzi alisimama mlangoni akiita majina. Aliyeitika alitoka, na aliyetoka hakurudi.

"Ghislain," mama akaita tena, na safari hii sauti ilitetemeka. Ilimuuma kuisikia. Alitaka kuingia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

"Mama," akasema mwishowe, paji la uso kalilaza juu ya mlango, "hiyo jina ilishaitikiwa."

Akaeleza. Siku alipoitwa, alikuwa amelala na malaria, hajitambui. Noel, aliyelala naye mkeka mmoja, akainuka na kusema, "Niko." Wenzao walimsimulia homa iliposhuka. Kwa nini Noel alifanya vile, hakupata wa kumuuliza.

Hatua za mama zikasogea karibu na mlango.

"Mama yake anajua?" Generosa akauliza.

"Hapana. Nilimutafuta. Kijiji yao ilishachomwa."

"Basi ule mugomba tulizikia Noel. Nilinyolea kichwa mutoto wa mwenzangu, na sikujua." Alikuwa akilia sasa, wala hakujificha. Kisha akajikaza, akaita mara ya tatu. "Ghislain."

Armelle akamshika mkono.

"Niko, mama," akaitika, kwa neno lilelile la Noel.

Mlango ukafunguka. Hapakuwa na bunduki nyuma yake, alikuwa mama tu, na nywele zilizoota upya zote zilikuwa nyeupe.