Mlango Unaojifungua Wenyewe

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi ni msusi, vichwa nimevishika vingi, na ninakubaliana na waliosema. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, zake zilimtoka mapema. Zilizobaki huzilaza kutoka sikio moja hadi la pili ili zifunike uwanja, na upepo ukivuma hushika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Nalisema hili mapema ili mtu asitegemee nimtendee haki. Sitamtendea.

Tangu anunue lile gari mimi humwita Rimoti. Si mbele yake. Mbele yake namwita shemeji, yeye ananiita dada, na tunachekeana jino pembe. Ni gari kubwa, refu la kwenda juu, limetumiwa na watu wengine weee mpaka wakalichoka, lakini ukimsikia anavyolisimulia utadhani amelizaa. Siku lilipoingia nyumbani aliwakusanya watu wake sebuleni akatoa sheria: hakuna wa kugusa mlango. Milango ya gari hili haishikwi ovyo, alisema, ina mfumo. Abiria atasimama, yeye atafungua. Abiria atashuka, yeye atafunga. Mdogo wangu, aliyemzalia watoto na kumtafutia soksi kila asubuhi, akawa anasimama kando ya gari la nyumbani kwake kungoja kufunguliwa, utafikiri kaomba lifti.

Sasa huo mlango wa nyuma. Rimoti ni msimamizi wa wapakiaji kwenye ghala moja, na bosi wake ana gari la sura hiyo hiyo, ila la bosi mlango wake wa nyuma ukibonyezewa rimoti hupanda wenyewe, taratibu, kama bibi harusi anayefunuliwa shela. Basi na wa kwake lazima upande. Wa kwake haupandi. Wa kwake ni wa mkono. Loki ikishafunguka, unapitisha vidole chini ya ule ukingo ulio juu ya kibao cha namba, unakuta kitufe laini cha mpira, unakibonyeza, unanyanyua. Mtoto anaweza. Kuku angepewa mkono angeweza.

Jinsi mtu mzima alivyoamini kwamba mlango huo hujifungua, hiyo ndiyo aibu yenyewe, na ilitoka kwetu. Aliwaita rafiki zake waje kuliona gari. Akasimama mbele, kifua nje, mkono juu, akabonyeza. Loki ikalia ka! Mlango kimya. Akabonyeza tena, na tena. Rafiki wakaanza kutazamana na mmoja akakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya gari. Kitufe alishakigundua asubuhi ile wakati wa kufuta vumbi. Akaona mumewe anakwenda kuaibika, akaingiza vidole, akausukuma mlango juu kidogo tu, vile vyuma vyake vya gesi vikamalizia. Mlango ukapaa. Rafiki wakapiga makofi. Rimoti akaibusu rimoti.

Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba. Yeye anabonyeza huku akiwatazama watazamaji, mke yuko nyuma na vidole vyake. Hajawahi kugundua kwa sababu buti ni la mizigo, na mizigo nyumbani kwake ina mwenyewe. Siku nilipoviona vile vidole kwa macho yangu, nilimvuta mdogo wangu jikoni.

"Wewe, unamfanyia nini yule mtu?"

"Funika kombe mwanaharamu apite, dada."

"Mwanaharamu gani apite? Huyu kashahamia."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Anafurahi. Siku nzima huko kazini anakaripiwa. Mwache na mlango wake. Niapie hutamwambia."

Nikaapa, roho ikiniuma. Kumvisha mtu kilemba cha ukoka ni jambo moja. Kukisuka kila siku kwa vidole vyako ni jambo jingine kabisa. Mimi huwasuka wanaonilipa.

Mdogo wangu anashona. Cherehani yake iko kwenye ujia, kati ya friji na viatu vya watoto, na akishona mtu akitaka kupita lazima ainuke. Siku moja mama mmoja anayemiliki nyumba ya wageni akaona mapazia aliyomshonea jirani, akamwita. Akampa kazi ya majaribio: mapazia ya ukumbi wa kulia chakula. Yakining'inia vizuri, atamwachia vyumba vyote, na tena atampa kile chumba kidogo cha mbele kinachotazama barabara, akifanye karakana yake. Sharti lilikuwa moja. Yawe yameshatundikwa kabla ya saa sita, maana saa sita angekuja fundi mwingine na ya kwake, na huyo mama si mtu wa kungoja.

Mdogo wangu alishona mpaka macho yakawa mekundu. "Dada, nitakaa mahali hakuna wa kuniinua," aliniambia, na akarudia maneno hayo akidhani simsikii.

Nilikwenda kumsaidia kutundika. Rimoti akasema lazima atupeleke yeye, kazi kubwa haiendi kwa gari la kukodi. Asubuhi hiyo alilibonyezea buti akiwa dirishani, kikombe cha chai mkononi, akarudi kunywa. Mkewe akanyanyua mlango, akapakia, akafunga. Njia nzima tukasomewa sifa za mfumo.

Tulipofika, mdogo wangu aliingia ndani moja kwa moja na ngazi aliyoazima getini, kuangalia kama mabomba ya mapazia yamekaa sawa. Akatuambia, "Nileteeni mzigo." Basi nikabaki uani na Rimoti. Mama mwenye nyumba akatoka akasimama kwenye ngazi za mlangoni, mikono nyuma, mtu mzima wa maneno machache. Mlinzi wa getini naye akasogea. Rimoti kuona hadhira, akavimba.

"Mama, nikuombe usogee kidogo," alisema. "Mlango huu ukipanda haumjui mtu."

Mama akasogea. Rimoti akainua mkono, akabonyeza. Ka!

Tukangoja. Ndege waliendelea na mambo yao.

Akabonyeza tena, safari hii mkono ukiwa juu zaidi, labda mfumo ulikuwa haumwoni. Ka! Akaizungusha rimoti, akaipuliza, akaipangusa kwenye suruali. Ka! Ka! Kila akibonyeza mara ya pili loki zilijifunga, ya tatu zikafunguka, gari zima likawa linapepesa taa zake kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni.

"Wakati mwingine hutaka mguu," akasema, na akaanza kurusha mguu chini ya bampa. La bosi wake hukubali mguu. Akarusha wa kulia, akarusha wa kushoto. Nimeona watu wakifukuza kuku kwa heshima zaidi.

"Mzee, umekanyaga kitu?" mlinzi aliuliza, kwa nia njema kabisa.

"Mfumo umeganda. Hii ni kompyuta."

"Kompyuta ya mlango?" aliuliza mama mwenye nyumba.

"Magari ya siku hizi, mama, ni kompyuta yenye matairi."

Mama akaitazama saa yake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa na kile kitufe. Nakiri nilikuwa nafurahi. Nilifurahi kama mtu anayekula kitu alichokatazwa na daktari. Kiapo kilinizuia kusema, na raha ikanizuia kuhangaika, mpaka Rimoti alipofungua mlango wa dereva akaweka mguu ndani.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Kwa fundi wa mifumo. Yuko ng'ambo ya mji."

"Na mapazia?"

"Si yamo ndani? Yatarudi na gari."

"Saa ngapi?"

"Mfumo hauharakishwi, dada."

Hapo raha yote ikanitoka. Nilimwona mdogo wangu akirudi kwenye ujia wake, kati ya friji na viatu. Kiapo kitanisamehe, nikasema moyoni, nikanyoosha mkono kuuendea ule ukingo. Rimoti akaruka kutoka garini akasimama kati yangu na mlango.

"Usiguse! Ndivyo mnavyoharibu vitu!"

Kelele hizo ndizo zilizomtoa mdogo wangu ndani, futikamba shingoni. Akaangalia mlango uliofungwa, akamwangalia mumewe anavyotoka jasho, akaelewa. Nilimwona akianza kulizunguka gari kwenda mahali pake pa siku zote. Hatua ile niliichukia kuliko kitu chochote nilichokiona siku hiyo. Angefika pale, angeingiza vidole, Rimoti angebonyeza, tungepiga makofi, na mambo yangekwisha. Lakini mwenye bahati mbaya hajui kunyamaza.

"Uligusa nini wewe?" akamgeukia mkewe. "Asubuhi ulipakia peke yako. Umeuvuruga mfumo." Kisha akamgeukia mama mwenye nyumba na ile sauti ya wanaume wanapoomba radhi kwa ajili ya wake zao. "Mama, utatusamehe. Huyu mwenzangu mkono wake mzito. Akishika pasi, imeungua. Akishika redio, imekufa."

Mama mwenye nyumba akaitazama mikono ya mdogo wangu, akaitazama kwa muda. "Mkono mzito," alisema polepole. "Na mimi nilitaka kumkabidhi madirisha yangu yote."

Mdogo wangu akasimama palepale alipofika. Namjua tangu akibebwa mgongoni. Wengine wakikasirika hupandisha sauti, yeye huishusha. Akakunja mikono kifuani, vidole vyote akavificha kwapani.

"Bonyeza, baba watoto."

"Nimeshabonyeza, hausikii."

"Bonyeza."

Ka!

"Bonyeza tena."

Ka! Zikafunguka. "Tena." Ka! Zikafungwa. "Tena." Ka! Zikafunguka.

"Mikono yangu iko wapi?"

Rimoti akaona swali la kijinga, akatutazama sisi tumcheke mkewe. Hakuna aliyecheka. "Si umeikunja?"

"Iangalie sasa inakwenda wapi."

Akaikunjua. Akaisogeza taratibu, kila mtu aione, akapitisha vidole viwili chini ya ukingo, akanyanyua. Mlango ukapaa juu ya vichwa vyetu kwa pumzi moja ndefu ya gesi. Mapazia yalikuwa yamelala humo ndani, yamekunjwa vizuri, hayana habari.

Mlinzi akasema, "Kumbe!" kisha akajishika mdomo.

"Lakini huwa unajifungua wenyewe," alisema Rimoti. Sauti yake ilikuwa imepungua mpaka karibu nimhurumie. Karibu.

"Haujawahi. Ni mimi, tangu siku ya rafiki zako. Wewe unabonyeza, mimi nanyanyua." Aliongea kwa upole uleule wa kumwambia mtu kwamba amevaa shati kinyume. "Na hayo mashati hayajinyooshi, na chai haijichemshi, na watoto hawajiogeshi. Nyumbani kwako hakuna kinachojifungua chenyewe, baba watoto. Hata kimoja. Na mkono wangu si mzito."

Mama mwenye nyumba akashuka ngazi zake, akashika upande mmoja wa mzigo.

"Mama fundi, tuingie," alisema. "Saa inakwenda."

Tukaingia. Mdogo wangu akapanda ngazi, mimi nikawa napitisha ndoano. Mama mwenye nyumba alilivuta pazia kulia, akalirudisha kushoto, akashika pindo na kuligeuza kuona mshono wa ndani, mahali wanapojificha mafundi waongo. Halafu akatoa simu akamwambia yule fundi mwingine asisumbuke kuja. Alisema hivyo tu, akaenda kutafuta ufunguo wa chumba cha mbele.

Kutoka dirishani niliuona ua wote. Mlango wa gari ulikuwa bado umepaa, na Rimoti amesimama chini yake.

"Anafanya nini?" mdogo wangu aliuliza, pini mdomoni, bila kugeuka.

"Anabonyeza."

Kufunga nako alikuwa hajui. Alibonyeza akingoja ushuke, akarudi nyuma, akabonyeza. Kushuka kwenyewe ni kuunyanyulia mkono na kuuvuta, basi, lakini kunyanyua mkono pale mbele ya mlinzi kulikuwa kumemshinda. Mwishowe akaiacha rimoti ining'inie kidoleni, akageukia nyumba, akatazama kule ambako mkewe hutokea siku zote.

"Mama watoto!" aliita.

Mkono wa mdogo wangu ukasimama juu ya bomba. Sauti hiyo imemwinua mezani kabla hajashiba, imemwinua kwenye cherehani sindano ikiwa katikati ya kitambaa, na mguu wake mmoja, niliuona, ulikuwa umeshaanza kutafuta kidato cha chini.

Ukarudi juu.

"Nipe ndoano," alisema.

Nikampa. Huko nje akaita tena, safari hii kwa sauti ya kuomba.

"Na nyingine," alisema mdogo wangu.

Nikampa.