Baiskeli Isiyolia

Mabwerebwere nzima, kule Kilosa, iliijua baiskeli ya Theodory kwa kulia. Ilikuwa baiskeli ya resi, mtumba wa zamani, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, na kila pedeli ilipofika chini ililia: nyee-kwi, nyee-kwi. Marselina alipokuwa bado Kilosa, Theodory hakuwahi kupiga hodi kwao. Alipita tu barabarani. Mlio ukifika uani, msichana anakumbuka ghafla kwamba ndoo haina maji, anatoka nayo.

Kisha Marselina akaenda Mikumi kumsaidia mama yake mdogo, Costancia, kwenye mgahawa wa madereva wa malori. Kutoka huko alimtumia Theodory ujumbe mmoja: "Ukija nitakusikia."

Theodory aliusoma akatabasamu. Akausoma tena, akakunja uso. Atamsikia! Yaani kama mtaa mzima unavyomsikia na kumcheka? Damu ikamchemka. Hakujibu. Akaapa kwamba siku atakayotia mguu Mikumi, hata mbwa hatageuza shingo.

Basi akaipindua baiskeli uani, magurudumu juu, na miezi ikaenda hivyo. Aling'oa rimu za chuma zilizoliwa na kutu, akafunga za alumini. Akaweka tairi mpya, cheni mpya, waya mpya za breki. Gia zilikuwa zimeganda tangu aipate. Akazisugua kwa mafuta ya taa mpaka zikatii kidole. Pedeli aliziacha mwisho. Alipofungua ekseli zake akakuta gololi zimelika. Akatia nyingine, akapaka grisi nene, akazungusha.

Kimya. Kimya kile kilimpendeza na kumuuma kwa pamoja. Akadhani ni njaa.

"Sasa hii ni ya Ulaya kabisa," alisema jirani yake, Doto, aliyekuwa amekalia ndoo akimtazama.

"Na kesho itapita Ulaya," Theodory akajibu, maana kijiji cha Ulaya kiko njiani kwenda Mikumi, na utani huo hauchuji Kilosa.

"Unamfuata Marselina?"

"Nakwenda kujaribu gia."

"Gia za moyo hizo," Doto akasema, akakwepa kitambaa chenye grisi.

Kesho yake aliondoka alfajiri. Miteremko aliiachia, milima akaipanda kwa gia nyepesi, na njia nzima hakusikia kitu ila upepo na pumzi zake. Alizoea kutunga mashairi kwa mapigo ya mlio ule. Leo hakupata hata mstari. Kila neno lililokuja lilikuwa jina lile lile.

Mikumi alimkuta Marselina kwenye baraza ya mgahawa, ameipa barabara mgongo, anachambua mchele, redio ikiimba kando yake. Theodory akapita polepole. Marselina hakugeuka. Akarudi, akapita tena karibu zaidi. Vidole vya Marselina viliendelea kuokota chuya.

Amenisahau, Theodory akawaza. Kumwita hakuweza. Akaugeuza usukani kuelekea Kilosa.

"Wewe kijana!" Costancia alitokea mlangoni na mwiko. "Unapita unarudi, unauza nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Ungo ukaanguka. Marselina alikuwa ameshageuka. "Theo? Umekuja na nini?"

"Na baiskeli."

"Ya nani?"

"Yangu. Ile ile."

"Siyo ile. Ile ningeisikia tangu kule mbele."

"Ndiyo maana nimeitengeneza. Si ulinicheka?"

"Nilikucheka lini?"

"Ukija nitakusikia."

"Kila jioni nilikuwa nazima redio, Theo," Marselina akasema taratibu. "Malori yanapita, mimi nasikiliza katikati ya malori. Mpaka Pasaka. Tangu Pasaka siizimi tena."

Akaokota ungo, akaichukua redio, akaingia ndani.

Theodory akabaki ameshika usukani. Madereva walikuwa wameacha kutafuna. Huko ndani wimbo ukakatika katikati ya neno, na baraza yote ikawa kimya.

Masikio yakamwaka moto. Akapanda baiskeli, akakanyaga pedeli, akafumbua kinywa mbele za watu wote.

"Nyee-kwi!" akalia. "Nyee-kwi! Nyee-kwi!"

Madereva wakaangua kicheko. Hakunyamaza. Alizidi kulia, akiizunguka baraza, mpaka aliposikia ndani ndoo ikiinuliwa.