Sauti ya Wenceslaus

Matrida alikuwa na chumba kimoja cha kazi pale Nyakato, Musoma. Alipiga video mwenyewe, akahariri mwenyewe, na kurasa za wateja mtandaoni alizitengeneza mwenyewe. Zamani walikuwaga wawili. Yeye alishika kamera, na Wenceslaus aliandika maneno na kuyasoma. Kwa miaka minne sauti ya Wenceslaus ilisikika katika kila video iliyotoka kwenye chumba kile: ya shule zinazotafuta wanafunzi, ya nyumba za wageni, ya wakulima wa pamba wa Bunda. Ilikuwa sauti nzito, isiyo na haraka. Akisema "karibu," ungedhani umesogezewa kiti.

Siku moja ya mwezi wa tatu hakuja kazini. Ulikuja ujumbe tu: "Nimepata shughuli nyingine. Nisamehe. Usinitafute kwanza." Matrida alipiga simu wiki nzima bila kupokelewa. Mwishowe aliacha kwa hasira, na hasira ilipoisha ndipo alipojua kwamba alikuwa akimpenda.

Miaka miwili ikapita. Video zake hazikuwa na msomaji tena. Aliweka muziki, na maandishi yakapita chini ya picha. Wateja wengi hawakulalamika, mpaka alipokuja Mama Robi.

Mama Robi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji wa Butiama. Walitaka video na ukurasa wao mtandaoni, ili wenye hoteli na maduka wajue maziwa yao yanapatikana wapi. Matrida alishinda kwao siku mbili akipiga picha za ng'ombe, za madumu yanayong'aa, za wanawake wakishuka na maziwa katikati ya mawe makubwa. Aliporudi Butiama kuwaonyesha kazi, Mama Robi alitazama mpaka mwisho, kisha akatoa simu yake na kufungua video ya zamani ya wakulima wa pamba.

"Tunataka huyu," alisema.

"Huyu hayupo, mama."

"Amekufa?"

"Hapana. Aliacha kazi."

"Basi mtafute, mwanangu. Wenzangu wengi hawawezi kusoma hayo maandishi yako, yanakimbia. Wanataka kuambiwa."

Matrida aliwahi kusikia kwa mteja mmoja kwamba Wenceslaus ana duka la pembejeo Bunda, karibu na soko. Alikuwa amelijua hilo kwa miezi saba, na mara nyingi alikuwa amepita Bunda akienda Mwanza bila kushuka. Jumanne ile alishuka.

Alimkuta amekaa nyuma ya mizani, amepungua kidogo, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Wenceslaus alipomwona alisimama. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu, yenye mkwaruzo kama wa mtu anayekanyaga maganda makavu ya mahindi.

"Mati."

"Una mafua?" Matrida aliuliza.

Wenceslaus alitikisa kichwa. Akafungua kile kifungo, akamwonyesha kovu lililopita shingoni. Kisha akamvutia kigoda, wakakaa karibu, kwa sababu hakuweza kusikika kwa mbali.

"Ulikuwa uvimbe," alisema taratibu. "Ulianza kunibana pumzi. Daktari aliniambia mapema kwamba sauti inaweza kuondoka. Nikachagua kupumua."

"Ungeniambia."

"Nilikuwa msomaji wako. Ningekuja kufanya nini?"

"Ungekuja tu, Wense."

Wenceslaus aliangalia barabarani. Wakati huo akaingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, amebeba chakula cha mchana. Wenceslaus akamwambia kwa ule mnong'ono, "Dorah, huyu ndiye Matrida."

"Kumbe ndiye wewe!" Dorah alimshika mikono yote miwili. "Nimekusikiaga sana. Karibu, dada. Leo lazima ule kwetu." Akamfungua mtoto na kumweka mapajani mwa Matrida. Aliitwa Flora, wa miezi minane, na alikuwa na paji pana la uso kama la baba yake. Matrida alimshika kwa uangalifu mwingi, akainamisha uso ili asionekane.

Walipokwisha kula, Wenceslaus alimwuliza kilichomleta. Matrida alitoa karatasi yenye maneno ya video. Wenceslaus akaisoma akiwa na kalamu mkononi, akikata hapa, akipunguza pale, kama alivyofanya zamani.

"Soma wewe," alisema.

"Mimi? Siwezi. Wanakutaka wewe."

"Nitakuja Alhamisi. Utasoma."

Alhamisi alikuja. Walitundika mablanketi dirishani kuzuia kelele za bodaboda, Matrida akakaa mbele ya maikrofoni, na Wenceslaus akakaa mkabala naye, akiinua kidole kila mahali pa kutua. Matrida alisoma mara tano. Mara zote tano Wenceslaus alitikisa kichwa.

"Unatangaza," alinong'ona. "Usitangaze. Unamwambia nani?"

"Wateja."

"Mwambie mtu mmoja."

Matrida alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi, akamtazama yeye. "Kabla jua halijatoka, sisi tumeshaamka," akamwambia. "Tunakungoja wewe." Akaendelea mpaka mwisho bila kuangalia chini. Kidole cha Wenceslaus hakikuinuka hata mara moja.

"Hiyo," alisema, akageukia ukutani.

Baadaye, wakati Matrida anahifadhi kazi, Wenceslaus alimwomba kitu. "Zile za zamani bado unazo? Flora hajawahi kunisikia."

Alikuwa nazo zote. Asubuhi nyingi alikuwa amezifungua kabla ya kuanza kazi, lakini hilo hakulisema. Alimvalisha spika za masikioni, akamwekea ile ya pamba. Wenceslaus alisikiliza akiwa amefumba macho, midomo ikifuata maneno yake mwenyewe. Kabla haijafika katikati alizivua.

"Natamani hata kumwita tu mtu aliye ng'ambo ya barabara," alisema. "Niwekee. Nitasikiliza nyumbani."

Matrida akazinakili kwenye flashi, akampa.

Video ilionyeshwa Butiama Jumapili baada ya misa, kwenye ukuta wa ukumbi. Akina mama walisikiliza mpaka mwisho. Mama Robi akauliza, "Huyo anayeongea ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Nawe ulikuwa unaficha nini siku zote? Basi, yule mwanamume wa video ya pamba tumemsamehe."

Wakacheka, na Matrida akacheka nao.

Tangu hapo kazi za kusoma zimeongezeka. Wenceslaus huja kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kusahihisha maneno na kumsikiliza, na Dorah hakosi kutuma karanga au viazi. Matrida hupokea, hushukuru, huuliza habari za mtoto. Saa nane humsindikiza Wenceslaus mpaka stendi. Kwa makelele ya pale hawezi kuaga, kwa hiyo huinua mkono akiwa dirishani mpaka gari likate kona. Bodaboda humwita Matrida kila upande, lakini yeye hurudi Nyakato kwa miguu, na siku hiyo hafanyi kazi tena.