Foram Anaweka Zote

Foram alikuwa hajawahi kushika karata mpaka Hetal alipomfundisha poka kwa simu. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, hana mume, na anaendesha duka la sare za shule aliloachiwa na baba yake pale Handeni mjini, nyuma ya stendi, na ndipo anapoishi. Kaka yake Harish alihamia Uingereza angali kijana. Baba alipofariki, ndugu waliokuwa wamebaki Korogwe nao wakauza vyao, wakaondoka. Foram akabaki na duka, na Mashavu, fundi cherehani anayeshona barazani siku za kazi.

Hetal ni binti wa Harish. Ndiye aliyeanzisha mchezo wa familia wa kila Jumapili alasiri. Yalikuwa mashindano ya wanaojifunza, hayana pesa. Kila mtu anapewa sarafu za bure ndani ya simu. Walikuwa wanane, kila mmoja kwake, na wote wanasikiana. Anayeishiwa sarafu anatolewa mezani, na sauti inakatika hapo hapo.

Jumapili ya kwanza Foram alitolewa mapema mno. Harish alikuwa anasimulia alivyoteleza kwenye barafu mbele ya jirani zake, watu wanacheka, mara simu ikanyamaza. Foram akaigeuza, akaisogeza dirishani akidhani ni mtandao. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

Tangu siku hiyo akajifunza kutupa karata. Ukiona karata zako mbili hazikufai unaruhusiwa kuzitupa na kusubiri mgao mwingine. Foram alitupa mbaya, akatupa na nzuri. Huku anatupa, anasikiliza: goti la Harish, harusi ya binamu, mvua isiyokatika kwao. Sarafu zake zilikuwa zinaliwa polepole na dau la lazima, ambalo kila mchezaji hulitoa zamu yake inapofika, na ambalo linapanda kadiri mchezo unavyoendelea.

"Foi, unakosea," Hetal alimwambia siku moja. Foi ndivyo Wagujarati wanavyomwita shangazi. "Usisubiri mpaka ziishe. Zikibaki kama mara kumi ya dau la lazima, ukipata karata nzuri, weka zote. Ukichelewa, hata ukishinda hazikufikishi popote."

"Nimeelewa, mwanangu."

"Unaelewa, lakini hufanyi!"

"Mwoga huyo," Harish akadakia. "Tangu utotoni."

Wakacheka, na Foram akacheka nao. Alikuwa ameelewa vizuri sana. Hesabu za duka alizifanya kichwani, hizi za karata zingemshinda vipi? Ila anayeweka zote anaweza kutoka dakika ile ile, na yeye hakutaka kutoka.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, katikati ya mchezo, Hetal akasema, "Jamani, leo ndio mwisho. Wiki ijayo nahamia chuoni. Sitapata nafasi ya kuandaa tena."

"Basi atakayeshinda leo ndiye bingwa wa moja kwa moja," mke wa Harish akasema. Hakuna aliyesema mtu mwingine aandae. Wakarudi kwenye habari za mizigo ya Hetal na nani atampeleka.

Sarafu za Foram zilikuwa zimepungua hadi pale Hetal alipomwonya. Karata zikagawiwa, akapata tisa mbili. Akabonyeza weka zote.

"Foi!" Hetal akapiga kelele. "Hatimaye!" Akamfuata, yaani akaweka kiasi kile kile, kwa jozi ya nane, na Foram akashinda.

Kilichofuata hakukitazamia. Karata nzuri zilikuja, na safari hii hakuzitupa. Aliweka zote mara ya pili, akashinda tena. Binamu mmoja akatoka, wa pili akatoka. Hetal akatoka huku anashangilia, na shangwe yake ikakatwa katikati. Kila Foram alipomtoa mtu, sauti moja ilipungua. Alipomtoa mke wa Harish, alibaki yeye na kaka yake.

Halafu Harish akaacha Kigujarati, akaongea Kiswahili, kilichochakaa lakini cha Handeni kabisa.

"Haya, mdogo wangu. Tumebaki wenyewe."

"Tumebaki, Harishbhai."

"Maji yanatoka siku hizi?"

"Mara mojamoja. Yakikata nanunua madumu."

"Na mzee Mhina, yule wa baiskeli?"

"Alifariki mwaka juzi. Nilikwambia."

"Eh. Kweli, ulinambia."

Foram alikuwa na sarafu nyingi kuliko yeye, lakini alianza tena kutupa. Alitupa malkia, akatupa jozi ya kumi. Harish akauliza kama yuko peke yake hapo. Akamjibu Mashavu yupo, ingawa siku ya Jumapili Mashavu huwa kwao.

"Foram, unatupa kila kitu," Harish akasema. "Hivi hatumalizi leo."

"Una haraka?"

Nyuma ya Harish mwanamke aliita, sahani zikagongana.

"Chakula kinapoa," akasema. "Naweka zote. Nitakupigia katikati ya wiki, tuongee vizuri."

Foram akatazama karata zake. Wafalme wawili. Angeweza kuzitupa hizo pia, wapate mgao mmoja zaidi. Lakini alisikia kiti kikiburutwa sakafuni. Harish alikuwa ameshasimama. Foram akabonyeza kumfuata.

"Loo! Hongera, mdogo wa—"

Simu ikarusha nyota za rangi ya dhahabu juu ya jina la Foram. Zilipoisha, akabaki ameishika mpaka kioo kikazima chenyewe. Nje bodaboda walikuwa wanagombea abiria wa basi la Korogwe. Akainuka kwenda kuosha kikombe, akakuta tayari ni kisafi; chai ya leo alisahau hata kuimimina.

Harish alipiga Jumatano. Dukani kulikuwa na mama mwenye watoto watatu wanaojaribisha mashati, kwa hiyo walisalimiana tu, wakaahidiana kutafutana tena.

Jumapili iliyofuata Foram alifungua duka, jambo ambalo baba yake hakuwahi kulifanya. Wateja walikuwa wawili. Mmoja aliuliza bei ya soksi, akasema atarudi, na Foram akamsogezea kiti, akamwambia apumzike kwanza, jua kali.